Kupiga "Owner of a Lonely Heart" ya Yes jukwaani: vishindo, solo, na je, hiyo ni Yes kweli?

BesiYaNtinda

Wakubwa, habari zenu.

Tuna bendi ya watu watano hapa Kampala: gitaa moja, besi, ngoma, kinanda na mwimbaji. Mwezi ujao tumepewa nusu saa kwenye usiku wa nyimbo za zamani, ukumbi wa watu kama mia mbili, na mwenye shughuli ameomba nyimbo za Yes, lile kundi la roki la Uingereza. Tumechagua "Owner of a Lonely Heart", na tunatafuta wimbo mwingine mmoja wa kundi hilohilo ambao hautatuaibisha.

Tumekwama hapa. Vile vishindo vya okestra na vipande vya ngoma vinavyorushwa katikati ya wimbo, mnavipataje bila studio? Kinanda chetu ni cha kawaida, kile cha kanisani, na kuna pedi moja ya sampuli ya kuazima. Halafu solo: gitaa linasikika kama mawili yanayokwenda sambamba, na letu ni moja. Tena mwimbaji wetu ni mwanamume wa sauti ya kati, na Jon Anderson, mwimbaji wa Yes, yuko juu mbinguni huko.

La mwisho ni ugomvi wa ndani. Mpiga gitaa anashikilia kwamba huo si wimbo wa Yes, ni wimbo wa prodyuza Trevor Horn uliobandikwa jina la Yes, na wajuzi watatucheka. Ana hoja?

---

mkongwe_wa_vinili

Ana nusu ya hoja. Nianze na historia, maana itawasaidia hata namna ya kuupiga.

Yes ilianzishwa London mwaka 1968 na Jon Anderson na mpiga besi Chris Squire. Umaarufu waliupata 1971 na 1972: The Yes Album, Fragile, kisha Close to the Edge yenye nyimbo tatu tu, ule wa kwanza ukijaza upande mzima wa sahani kwa dakika 18 na ushee. Mwaka 1973 wakatoa sahani mbili zenye jumla ya nyimbo nne, na hapo hata baadhi ya mashabiki walianza kupiga miayo. Kufika 1980 Anderson na mpiga kinanda Rick Wakeman hawapo, nafasi zao zimeshikwa na Trevor Horn na Geoff Downes wa kundi la Buggles. Wakatoa Drama, wakazunguka nayo, kundi likavunjika. Mpiga gitaa Steve Howe na Downes wakaenda kuunda kundi la Asia.

Squire na mpiga ngoma Alan White wakabaki, wakampata Trevor Rabin, mtoto wa Johannesburg aliyewahi kuwa nyota wa kundi la Rabbitt huko Afrika Kusini. Wakamwita na Tony Kaye, mpiga kinanda wa kwanza kabisa wa Yes. Bendi ikaitwa Cinema. Hawakuwa na nia ya kufufua Yes. Rabin alikuja na nyimbo zake, huu ukiwa mmojawapo, na Horn, safari hii akiwa prodyuza, ndiye aliyeusikia kwenye kaseti ya majaribio na kuukomalia mpaka ukarekodiwa. Anderson aliingia 1983, kazi kubwa ikiwa imekwisha, akaimba na kubadilisha sehemu ya maneno. Sauti yake ilipokaa juu ya ala, jina la Cinema halikuwa na maana tena. Albamu wakaiita 90125, namba yake ya katalogi.

Mwambie mpiga gitaa wenu ahesabu. Kikosi cha 1968 kilikuwa Anderson, Squire, Kaye, Peter Banks na Bill Bruford. Kwenye 90125 wamo watatu kati ya hao. Kwenye Close to the Edge, ambayo hakuna anayeitilia shaka, wamo watatu vilevile. Kwa hiyo hoja ya kwamba hawa si wenyewe haina miguu. Afrigo Band ya hapa kwetu Uganda wapo tangu 1975, wapigaji wangapi wamepita, na bado saksofoni ya Moses Matovu ikilia hakuna anayeuliza ni Afrigo gani.

Alipo na haki ni kwenye mtindo. Wimbo umeandikwa kwa majina ya Rabin, Anderson, Squire na Horn, na jinsi ulivyojengwa ni ya Horn kuliko ya mwingine yeyote. Ulitoka Oktoba 1983, na Januari 1984 ukakaa wiki mbili kileleni mwa chati ya Billboard ya Marekani. Ndio wimbo pekee wa Yes uliowahi kufika hapo. Kwao Uingereza uliishia nafasi ya 28.

---

FundiSauti_256

Nachukua la vishindo, ndiko bendi nyingi huanguka.

Elewa kwanza kwa nini vinasikika hivyo. Timu ya Horn ilitumia Fairlight CMI, kompyuta ya muziki ya wakati ule. Ilihifadhi sauti kwa biti 8, na kila sauti moja kati ya nane ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu. Piga hesabu: ukirekodi kwa sampuli 30,000 kwa sekunde, kumbukumbu inajaa baada ya nusu sekunde na kidogo. Ndiyo maana vishindo ni vifupi, vikavu, vina ukwaruzo kwa ndani, na vinakatika ghafla. Mpiga kinanda akibonyeza okestra safi ya kisasa yenye mwangwi mrefu, watu watasikia muziki wa sinema. Hawatasikia 1983.

Baadhi ya ngoma zilizokatwa zilitoka kwenye rekodi ya 1971 ya kundi la Funk, Inc., "Kool Is Back". Kuchukua mkato wa ngoma wa rekodi ya zamani na kuupandikiza kwenye wimbo wa chati lilikuwa jambo geni kabisa mwaka ule.

Msikate vishindo kutoka kwenye rekodi yenyewe. Vimeshagandana na besi na gitaa, mkivipiga juu ya bendi hai mtasikia besi mbili zinazogombana, tena noti zisipolingana ndio aibu. Tengenezeni vyenu hivi:

Rekodi safu nne, kila moja mono, 44.1 kHz, biti 16. Safu ya kwanza ni nyuzi za okestra kwenye kinanda, kodi ya A mdogo (A, C, E) katika oktavi mbili. Ya pili ni tarumbeta za kinanda, kodi ileile oktavi moja juu. Ya tatu ni pigo moja la snea. Ya nne ni tomu au hata mlango unaobamizwa, chochote chenye kifua. Ziweke kwenye programu ya kurekodi kama Reaper au Audacity, kuza picha ya wimbi mpaka uone lilipoanzia, na zipange zote zianzie pointi moja. Okestra huwa chini kidogo, snea ndiyo iongoze. Weka mwangwi mfupi wa chumba, ukate usizidi milisekunde 250. Urefu wote wa kishindo usipite milisekunde 400, na milisekunde 30 za mwisho zififie, la sivyo utasikia "tik" kila kinapokatika. Sasa kiharibu: kishushe hadi biti 8 na kama 22 kHz, kisha kihifadhi upya kama WAV ya 44.1 kHz biti 16, kwa sababu pedi nyingi hukataa faili ya aina nyingine. Ukwaruzo utabaki. Kilele kiwe -6 dB.

Kwenye pedi kuna mambo mawili yanayosahaulika. Vishindo vyote viwekwe kwenye kundi moja la kuzimana, yaani kipya kikipigwa kile cha kabla kinyamaze. Bila hivyo vinapandana na kuwa uji. Na nguvu ya pigo ifungwe kwenye kiwango kimoja, 110 kati ya 127 inatosha, maana mashine ile haikuwa na huruma ya kupiga polepole.

Kosa ninalolisikia kila mara ni ukimya mwanzoni mwa faili. Milisekunde 20 tu za ukimya zinamfanya mpigaji aonekane amechelewa, naye anaanza kuwahi ili kufidia, na hapo bendi nzima inakimbia. Kuza wimbi, kata mpaka lilipoanzia.

Pedi apige mpiga kinanda. Mpiga ngoma wenu ana kazi ya kushika mdundo usiotikisika, na vishindo vinaangukia kati ya mapigo yake. Kwenye beti kinanda hakina kazi kubwa, mikono iko huru.

---

Nyuzi6_Mbale

Solo kaka ni rahisi kuielewa na ngumu kuidanganya. Rabin alipitisha gitaa kwenye mashine ya MXR ya kuhamisha noti, akaiweka kwenye noti ya tano. Kila noti anayopiga inatoka na mwenzake. Kwenye pedali ya leo weka nusu toni 7 juu, mchanganyiko nusu kwa nusu.

Hapa ndipo watu huharibu. Pedali nyingi mpya zina hali ya akili, unaiambia ufunguo ni A mdogo nayo inakurekebishia noti. Izimeni. Mkipiga B, tano yake kamili ni F#, na F# haimo kwenye A mdogo wa kawaida. Pedali yenye akili itaishusha iwe F, na ghafla mna harmonia ya kanisani. Ule ugeni wa solo, ile hali ya kana kwamba gitaa limetoka sayari nyingine, ni kwa sababu mashine ilikuwa haijui ufunguo wala haijali. Inapandisha kila kitu kwa umbali uleule.

Weka pedali kabla ya distosheni. Noti na tano yake huvumilia distosheni vizuri kuliko miachano mingi ya noti, zinashikana na kuwa sauti moja nene, na mashine inaisoma noti safi kwa urahisi zaidi. Ikiwekwa baada, utasikia magitaa mawili membamba na mvumo mwingi. Piga noti moja moja, zima nyuzi nyingine kwa kiganja. Nyuzi mbili zikilia pamoja, mashine za bei nafuu huchanganyikiwa na kutoa gargara. Kuvuta uzi kuwe sahihi, kwa sababu kosa linatoka mara mbili, na mtetemo wa kidole uwe mdogo.

Angalia pia umeme wa pedali. Za kidijitali hula miliampea 300 hadi 500 kwa volti 9, na nyingi zinataka hasi katikati. Adapta moja ndogo iliyogawanywa kwa waya wa mkia itatoa mluzi, au pedali itajizima katikati ya solo. Ipe adapta yake. Ukinunua kifaa kilichotoka Marekani soma nyuma ya adapta: ikiandikwa 120 V peke yake, ukichomeka kwenye 240 V yetu umeshaizika.

Hamna pedali? Kinanda kipige noti ya tano kwa sauti ya sintesaiza kali, lakini ajifunze solo noti kwa noti, si kwa kukisia. Sehemu za polepole gitaa linaweza kuzipiga kwa nyuzi mbili kwa mkono. Zile za mbio haiwezekani, msijidanganye.

Rifu ya mwanzo, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, ni kodi za nguvu (noti na tano yake tu) zinazopanda A, B, C, D: uzi wa sita, vizuizi vya 5, 7, 8 na 10. Usianzie uzi wa tano wazi, sauti inakonda. Distosheni punguza kuliko unavyofikiri, ukubwa unatokana na kuachia kodi kwa wakati mmoja na ngoma. Kisha ubeti unapoingia gitaa linasafika mara moja, bila mpito. Kama mna amplifaya ya chaneli moja, fanya hilo kwa pedali na uweke kizuia mvumo, la sivyo mvumo utajaza ule ukimya, na ukimya ndio uliofanya wimbo usikike mpya.

---

Ngoma_Arua

Upande wa ngoma ni maneno machache. Snea ikazwe juu kuliko kawaida ya roki, ngozi ya chini nayo ikazwe, kipande kidogo cha tepu juu ili isivume. Kiki ijazwe blanketi ligusane na ngozi zote mbili. Haihati imefungwa. Krashi ziwekwe mbali kabisa kama mpigaji wenu hawezi kujizuia. Mdundo uko kati ya 120 na 130 kwa dakika, upimeni kwa rekodi mnayoifuata na muuweke kwenye metronomu ya mpiga ngoma, sikioni mwake peke yake.

Kinachoharibika: wapigaji wa prog, ile roki ya nyimbo ndefu zenye mizunguko mingi, wanataka kujaza. Hapa hakuna kujaza. Vipande vya ngoma vilivyokatwa ndivyo vinavyojaza, vikitoka kwenye pedi. Mpigaji akiongeza vyake, msikilizaji hawezi tena kutofautisha mashine na mtu, na utamu wa wimbo ni huo mpaka.

Na kwa mpiga gitaa wenu anayedharau: katika vikao vya 90125, fundi Gary Langan na J. J. Jeczalik aliyeendesha Fairlight walichukua ngoma za Alan White ambazo hazikutumika, wakaziingiza kwenye mashine mdundo mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo kundi la Art of Noise lilipozaliwa. Kwangu mimi huu ndio urithi mkubwa wa Yes, kuliko dakika zote 18 za Close to the Edge. Kila mtayarishaji wa Kampala anayekata ngoma kwenye kompyuta leo anatembea njia iliyofyekwa pale.

---

mkongwe_wa_vinili

Ngoma_Arua, hapo umepitiliza ssebo. Waliokata mikato ya ngoma kwa sahani mbili ni madijei wa New York, miaka kadhaa kabla ya 90125. Timu ya Horn ilileta jambo hilo kwenye studio ya roki na kwenye chati, sawa, lakini njia walikuta imeshafyekwa. Na huwezi kuitenga na Close to the Edge. Anderson, Squire na wenzao walikuwa wanakata na kuunga tepu tangu 1972: vipande virefu vya wimbo ule vilirekodiwa mbalimbali na kuunganishwa na fundi wao wa sauti Eddy Offord kwa wembe. Fairlight iliwapa wembe wa haraka zaidi.

---

Ngoma_Arua

Kuhusu New York sina ubishi mzee. Kuhusu wembe, tofauti ipo: 1972 waliunga ili usisikie mshono. 1983 waliacha mshono usikike makusudi. Hata kwenye mazoezi ni mambo mawili tofauti. Ukipiga "Roundabout", wimbo wao wa miaka ya sabini, unatafuta mtiririko, ukipiga "Owner" unatafuta kona kali.

---

BesiYaNtinda

Banange, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mpiga gitaa amesoma hesabu ya watatu na watatu akanyamaza, kwa sasa.

Sauti bado. Tukishusha nusu toni mbili za piano, yaani hadi G mdogo, mwimbaji anafika vizuri. Kuna hatari gani? Na wimbo wa pili je? Yeye mpiga gitaa anataka "Roundabout".

---

dada_kinanda

Kushusha hadi G mdogo ni sawa, ila vitu vitatu lazima vishuke pamoja, na cha tatu ndicho watu husahau.

Gitaa na besi zilegezwe toni nzima, mpigaji aendelee na vidole vilevile. Gitaa liwe na nyuzi nene kidogo, uzi wa kwanza .011 badala ya .009, la sivyo zitalegea na kodi za nguvu zitayumba. Besi ikilegezwa, kagua kama nyuzi zinagonga vizuizi. Mkishaweka, acheni ala zikae hivyo siku mbili tatu kabla ya shughuli, zisije zikapanda na kushuka jukwaani. Kinanda ni kubonyeza kitufe cha kuhamisha, -2. Cha tatu ni vishindo vya pedi. Hivyo vimetengenezwa kwa A mdogo na havijui kama mmehama. Rekodini upya kwa G mdogo (G, B bemoli, D), msivishushe kwa programu, maana vitarefuka au vitapata mawimbi ya ajabu. Na kama wimbo wa pili hauhitaji kushushwa, upangeni mbali na huu au muwe na gitaa la pili. Kulegeza na kukaza mbele ya watu kunaua usiku.

Mwimbaji asiige Anderson kwa kubana koo. Sauti ile ya juu ndiyo sauti yake ya kawaida, haimo katika sauti ya kubana. Mkaka wenu akibana atasikika mwembamba pale ambapo Anderson anasikika wazi. Kiitikio kinabebwa na sauti kadhaa zilizopangwa, kwa hiyo wewe wa besi na wa kinanda lazima muimbe. Squire aliimba karibu kila kitu cha Yes akiwa na besi mkononi. Anza kufanya mazoezi ya kuimba na besi kwa pamoja sasa hivi, kwa kasi ya 90, kabla hujapanda.

"Roundabout" iacheni. Dakika nane na nusu ndani ya nusu saa, gitaa la akustika la mwanzoni, ogani ya kukimbia, besi ya pleki isiyopumzika, na mnaoifanyia mazoezi ni wiki chache. Chukueni "I've Seen All Good People" ya 1971, kutoka The Yes Album. Inakaribia dakika saba, ina sehemu mbili. Ya kwanza inaanza kwa sauti za watu bila ala, halafu gitaa la akustika na kiki inayogonga taratibu. Ya pili ni roki ya kawaida kabisa inayorudia mstari mmoja. Ugumu wote uko kwenye sauti tatu za mwanzo: mkiingia nje ya ufunguo hakuna ala ya kuwaficha, na gitaa likiingia kila mtu atajua. Mpeni mwimbaji noti sikioni, kinanda kibonyezwe polepole sana kwenye kisikizi tu, kabla ya kuanza. Mwishoni kibwagizo kinarudiwa kikishuka ufunguo kila mzunguko, ogani ikikibeba. Ambaye hajajua idadi ya mizunguko atabaki kwenye ufunguo wa juu peke yake. Andikeni idadi kwenye karatasi sakafuni.

Kingine kizuri ni kwamba nyimbo hizi mbili zimepishana miaka 12 na msikilizaji atasikia ni sauti zilezile. Hapo mjadala wa "ni Yes au si Yes" unajimaliza bila hotuba.

---

mkongwe_wa_vinili

Dada_kinanda amesema vyema. Niongeze kimoja cha kumpelekea mpiga gitaa. Mwaka 2017 Yes walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, walipiga "Roundabout" na "Owner". Kwenye "Owner" gitaa alipiga Rabin, na besi, kwa kuwa Squire alifariki Juni 2015, ilishikwa na Steve Howe. Yaani mpiga gitaa wa miaka ya sabini, ambaye hamo kabisa kwenye rekodi ile, alisimama akaipigia besi. Alan White naye alifariki Mei 2022, na bendi inaendelea chini ya Howe bila hata mmoja wa wale watano wa 1968. Kwa hiyo swali la nani ndiye Yes ni zito zaidi sasa kuliko ilivyokuwa 1983.

---

FundiSauti_256

Narudi kwenye mambo ya ukumbi, kisha niwaachie.

Pedi, kinanda na mikisa vichomekwe kwenye UPS ndogo (betri ya akiba), 650 VA inatosha kwa hivyo vitatu. Amplifaya na spika msiviweke humo, vitaizima. Sababu si gharama ya vifaa: umeme ukikatika na jenereta ikapokea, kuna sekunde kadhaa za giza, na pedi ya sampuli ikizimika inahitaji muda kupakia upya faili zake. Spika zitarudi mara moja, pedi haitarudi, na mtaingia kiitikio bila vishindo.

Mkisikia mvumo wa chini unaoendelea baada ya kuchomeka pedi na laptopu, ni mzunguko wa waya wa ardhi. Tumieni kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha ala na mikisa, chenye swichi ya kuinua ardhi. Msikate pini ya ardhi kwenye plagi kama wanavyofanya mafundi wengine, hiyo inaweza kuua mwimbaji anayeshika maikrofoni na gitaa kwa wakati mmoja.

Ulizeni fundi wa ukumbi kama mfumo ni mono, yaani sauti ileile spika zote. Kumbi nyingi zetu ni mono hata kama spika ni mbili. Chomekeni jeki ya kushoto peke yake, ile iliyoandikwa mono.

Ruhusa: kupiga nyimbo za watu hadharani hapa Uganda hushughulikiwa na UPRS, chama cha haki za wanamuziki. Muulizeni mwenye shughuli kama leseni ipo, ni suala lake kabla ya kuwa lenu.

---

BesiYaNtinda

Swali la mwisho kabisa. Rekodi inafifia. Sisi tutaishiaje? Tulijaribu kufifisha kwa kushusha sauti polepole ikawa kichekesho.

---

Ngoma_Arua

Msififishe. Baada ya kiitikio cha mwisho rudini kwenye rifu ya mwanzo, ile yenye distosheni, mizunguko minne. Kwenye wa nne gitaa, besi na kiki vipande A, B, C vya kwenu, yaani noti mlizoshusha, na D ya mwisho msiipige. Nafasi yake aipige mwenye pedi kwa kishindo kimoja. Mpiga ngoma ashike krashi kwa mkono kabla haijavuma, na fundi wa mikisa ajue mapema azime mwangwi wa sauti hapohapo.

---

dada_kinanda

Na kishindo hicho cha mwisho mkitengeneze peke yake, kwenye pedi yake, kwa kodi ya C kubwa (C, E, G). Mmeshusha kila kitu toni nzima, D ya rekodi kwenu ni C. Mkitumia kile cha G mdogo mtakuwa mmemalizia kwenye kodi nyingine.